Waliniuliza Nimeyaonaje Macho Yako

Baba,

Shikamoo. Kesho saa nne asubuhi, mbele ya ukoo mzima, nitapiga magoti kwenye kaburi lako pale mgombani na kukuomba radhi. Nakuandikia leo, watoto wakiwa shule na mwanao Fidelis akiwa amekwenda kuita watu, ili ujue mapema kwamba maneno ya kesho ni ya uongo. Usiyapokee. Ya kweli ni haya ninayoyaandika kwenye daftari la binti yangu Jeni, nikiwa nimekaa juu ya kigoda chako, ambacho tangu niolewe sijawahi kukigusa ila kwa ufagio.

Naandika Kiswahili kwa sababu kwa Kihangaza mkono ungegoma kukuita wewe. Miaka kumi na minne nimeishi katika boma lako hapa Nyakisasa. Nimekupikia, nimekufulia mashuka, nimekuzalia wajukuu watatu. Kukuita wewe, hata siku moja sikukuita. Mke wa mwana hamtazami baba mkwe usoni. Hali naye, hamgusi, hapiti mbele yake, hakai alipokaa. Hata kwetu Biharamulo, sisi Wasukuma tuliohamia na ng'ombe wetu, mkwe anaheshimiwa, sikatai. Lakini nyumba hii mlizidisha. Wahangaza wenzenu wa Mbuba wananiuliza sokoni kama bado ninakimbilia nyuma ya nyumba nikisikia kikohozi chako, halafu wanacheka. Nami nilikuwa nacheka nao. Sasa sicheki.

Nilikujua kwa mgongo, Baba. Nilijua kofia yako, visigino vyako, harufu ya kiko chako, na jinsi mabega yanavyotikisika ukicheka bila sauti. Mama mkwe alipokuwa hai ndiye aliyebeba maneno kutoka kwako kuja kwangu na kutoka kwangu kwenda kwako. Alipofariki, na Fidelis akawa haonekani mpaka Jumamosi kwa ajili ya biashara yake ya kupeleka maharage Biharamulo, tukabaki wawili mchana kutwa, wewe, mimi na mbwa. Ndipo ukaanza kuongea na huyo mbwa, Polisi.

"Polisi, mwambie mwenye jiko chumvi imezidi."

Nami kutoka ndani: "Polisi, mwambie mzee chumvi ni ile ile ya jana, ulimi wake ndio umebadilika."

Nikiona mabega yanatikisika, najua nimekupata. Mbwa wa watu alikuwa anageuza kichwa huku na huku mpaka anachoka, analala. Tuliendesha nyumba nzima namna hiyo. Ng'ombe kuugua, ada ya shule, nani kafiwa, mvua itanyesha au haitanyesha, yote yalipita kwa Polisi. Na nikwambie ukweli, nilizipenda siku zile. Hakuna mtu katika ukoo wenu aliyekuwa ananisikiliza kama wewe ulivyokuwa unanisikiliza kupitia mbwa.

Halafu ikaja ile palizi ya maharage.

Ulikuwa umekaa hapa hapa unanoa panga. Mimi nilikuwa mlangoni mwa jiko nachambua mchicha. Jiwe likanyamaza. Nikainua macho kidogo, nikaona umeziba jicho la kulia kwa kiganja, ukaliachia, ukaziba la kushoto, ukaliachia, kama mtu anayejaribu tochi. Ukarudia hivyo muda mfupi, hata maji ya chai yasingechemka. Kisha ukasema taratibu, neno kwa neno: "Polisi, pazia limeshuka kwenye jicho la kushoto. Jeusi, linatoka juu. Sasa linapanda tena."

Na mimi nikajibu nini? Nikasema, Polisi, mwambie mzee jua ni kali, ahamie kivulini. Ukainuka, ukahamia kivulini. Yakaishia hapo.

Nimeirudia siku ile mpaka nimechoka nayo. Mbwa hana haja ya kujua pazia limetoka juu au limetoka pembeni. Ulikuwa unaniambia mimi. Ulinieleza vizuri kuliko wagonjwa wengi wanavyomweleza daktari, upande gani, rangi gani, limetokea wapi, na mimi nikamjibu mbwa.

Lilishuka tena mara tatu kabla mwezi haujaisha. Kila mara ulimwambia Polisi, na kila mara nilisikia. Mara ya nne niliogopa kweli, kwa sababu sauti yako haikuwa na utani hata kidogo. Jumamosi ile Fidelis alipofika sikumngoja hata avue viatu. Nikamwambia jicho la baba la kushoto linazima na kuwaka, ampeleke hospitali Jumatatu. Unajua mwanao aliniuliza nini? Hakuuliza tangu lini. Hakuuliza linauma au haliumi. Aliweka begi chini, akanitazama kama mtu aliyenikuta naiba, akasema:

"Umeyaonaje macho ya baba?"

Ningemjibu nini? Nikisema nimeona, nimekuwa mke asiye na adabu anayemkodolea macho mkwe wake. Nikisema sikuona, basi hakuna ugonjwa. Ninyi mliitengeneza adabu yenu ikakaa vizuri kweli, haina mlango hata mmoja wa kutokea mgonjwa. Akatoka akakuuliza mwenyewe, nikakusikia kutoka jikoni ukimjibu kwa sauti ya kidume kwamba wewe ni mzima, unaona mpaka Burundi. Na wewe Baba huponi kwenye barua hii! Kwa mbwa ulisema, kwa mwanao uliona aibu. Miaka mitatu nyuma ulikwenda zahanati na Mama, wakakupima wakakuta presha iko juu, wakakupa vidonge. Ukavimeza vikaisha, ukatangaza umepona, ukarudi kwenye kiko chako na chumvi yako. Mama alikusihi urudi kupima, ukamwambia presha ni ugonjwa wa watu wa ofisini. Nilikuwa nyuma ya ukuta. Nimesikia mambo mengi nyuma ya ukuta ule.

Asubuhi ya lile pazia la mwisho hukumwambia hata Polisi. Ulitoka ndani ukagonga bega la kushoto kwenye mwimo wa mlango ambao umeupita miaka arobaini. Ukanawa, maji ukayamwaga nje ya karai. Ukaanza kugeuza shingo kama kuku anapotazama punje, ukitafuta dunia kwa jicho moja. Mimi nilijua siku ile ile. Siku nne nilijua peke yangu, nikawa naweka kikombe chako kulia, naondoa jembe njiani, nafukuza mbuzi wasikupitie upande usioona. Ulijua kwamba najua, kwa sababu siku ya tatu ulisema, "Polisi, mwambie mwenye jiko ahsante." Niliingia ndani nikalia juu ya unga.

Wengine waligundua kwa sababu ya kijinga kabisa. Mdogo wako, Baba Mdogo Gervas, alikusalimia njiani akiwa upande wako wa kushoto, hukumwitikia. Akakasirika. Akaja hapa jioni na fimbo yake kuuliza amekukosea nini mpaka unamnyima salamu. Ndipo ukalazimika kusema kwamba hukumwona.

Kuanzia hapo kila mtu akawa daktari. Mzee hana jicho, basi ni mtoto wa jicho, wazee wote si wanapata? Gervas ndiye aliyesema mtoto wa jicho hatolewi akiwa mchanga, lazima angojwe aive, ndipo madaktari wa macho wakija Ngara wamtoe mara moja. Watu wakaitikia kwa vichwa. Wifi Yulita akatuma matone kutoka duka la dawa la Biharamulo. Mimi nilikuwa jikoni nachochea moto na meno nimeyauma. Bibi yangu alikuwa na mtoto wa jicho, namjua mtoto wa jicho. Alimjia kwa miaka, ukungu kidogo kidogo, mpaka siku moja akashindwa kutia uzi kwenye sindano. Haji asubuhi moja kama mgeni! Wala hatanguliwi na pazia linaloshuka na kupanda. Lakini pazia nililijua mimi tu, na kulijua lilikuwa ni kosa. Mkangoja jicho liive kama mnavyongoja mkungu wa ndizi. Mwezi ukapita, na wa pili ukaingia.

Madaktari wa macho walipokuja mjini Ngara, Fidelis alikupeleka. Haya ya huko ameniambia baadaye, msibani, akilia, kwa hiyo nayaamini. Daktari alikumulika macho, akachukua muda mrefu kwenye la kushoto, kisha akaomba upimwe presha. Akasema hapa hakuna mtoto wa jicho wala hakuwahi kuwepo. Mshipa unaopeleka damu kwenye jicho umeziba, na haukuziba kwa bahati mbaya, mishipa ya mzee huyu ni migonjwa kwa ndani, na uchafu ulioziba huko huenda umetoka kwenye mshipa mkubwa wa shingo. Akasema jicho lile halirudi tena. "Tungempata lilipokuwa linazima na kuwaka, hapo ndipo kulikuwa na kazi ya kufanya. Sasa tukimbilie kuokoa kichwa."

Halafu akauliza kama kabla ya siku ile jicho lilikuwa likizima na kuwaka. Fidelis anasema alikutazama wewe, nawe ukatazama sakafu. Na yeye, aliyeambiwa na mke wake kwa mdomo, akajibu hapana. Nilimuuliza kwa nini. Akasema angeulizwa nani aliona.

Mkarudi na vidonge na barua ya rufaa ya kwenda Mwanza. Daktari alisema wiki hiyo hiyo. Alisema pia watoto wako na ndugu zako wote wapimwe presha, kwa kuwa mambo haya hutembea katika damu ya familia. Kikaitishwa kikao. Nilipika, nikapitisha chakula dirishani. Mkazungumza mpaka ugali ukapoa, mkaamua maharage yavunwe kwanza. Barua ikaingia mfuko wa koti lako. Kupimwa, hakupimwa hata mmoja.

Siku ya tisa baada ya kikao, saa tatu asubuhi, ulikwenda mgombani kukata majani makavu. Polisi akabweka mbweko ambao sijawahi kuusikia. Nilipofika ulikuwa umekaa chini, umeegemea shina, mdomo umeteremka upande mmoja, mkono wa kulia umelala kama si wako. Ukafungua kinywa, neno halikutoka. Huna sauti, hata ya kumtuma mbwa huna. Ukanitazama.

Nami nikakutazama, Baba. Ile ndiyo ilikuwa mara yetu ya kwanza. Miaka kumi na minne, na sikujua kwamba macho yako ni ya kahawia yenye ukingo mweusi. Ni macho ya Jeni. Nimeyaosha tongo kila asubuhi tangu alipozaliwa bila kujua ni ya nani. Moja lilikuwa limeshakufa na moja lilikuwa linaniuliza tunafanya nini sasa.

Nikapiga yowe. Wanawake wa jirani wakaja, wakasimama mbali, wakashika vinywa. Wanaume walikuwa mnadani, na Gervas alikuwa amekwenda Mbuba kwenye mambo ya posa. Mmoja akasema tumpigie simu Gervas, tumngoje. Nikauliza tunamngoja aje kufanya nini. Nikasimamisha bodaboda barabarani. Dereva akasema atakupeleka, ila lazima mtu akae nyuma akushike, vinginevyo utaanguka kwenye kona ya kwanza. Akauliza wa kukushika ni nani. Nikawatazama wale wanawake, wakatazama pembeni. Nikapanda mimi. Nikakukumbatia kwa mikono yote miwili, nikawaambia watufunge kwa kitenge, wakatufunga huku wakiguna. Kichwa chako kilikuwa kwenye bega langu barabara nzima mpaka Ngara, vumbi likitupiga, na watu waliokuwa wakipalilia wakinyanyua vichwa kutazama. Nilikuwa nakwambia sikioni, Baba kaza, Baba tumekaribia, Baba hapo ni kwenye mteremko kaza. Nilikuita Baba mara nyingi siku ile kuliko miaka yote kumi na minne. Sijui kama ulisikia. Mkono wako wa kushoto ulikuwa umenishika kiganja na haukuniachia mpaka wauguzi walipoutoa.

Siku ya tatu ukafariki. Kiharusi, wakasema. Mshipa ule ule wa shingo. Jicho lilikuwa limetupigia kelele miezi mitatu kwamba nyuma yake kuna ugonjwa, nasi tukakaa tunalitibu jicho.

Tulikuzika vizuri, hilo sina la kusema. Kwaya iliimba, na watu walitoka mpaka Biharamulo. Matanga yalipokwisha wazee wakakaa, nami nikaitwa. Nilidhani wataniuliza ulivyoanguka. Nilidhani kuna mtu atauliza ile barua ya rufaa iko wapi, maana niliikuta mfukoni mwa koti lako wakati wa kugawa nguo, imekunjwa vile vile. Hakuna aliyeuliza. Waliuliza nilikushika vipi. Mbele au nyuma? Kitenge kilifungwa wapi? Kilikuwa changu au cha mwingine? Mwanamke gani aliniruhusu? Wazee wazima, waliosali rozari kaburini kwako asubuhi hiyo hiyo, wanapima upana wa kitenge! Ikatoka kauli kwamba nimemvunjia marehemu heshima hadharani, na lazima nimwombe radhi kaburini siku ukoo utakapokutana tena mwishoni mwa mwezi, pombe ikiwa imeiva na Yulita amefika, la sivyo wajukuu watapata balaa. Fidelis alikuwa amekaa kwenye kona. Nyumbani ndipo alipolia na kunieleza ile hapana yake, na mimi usiku ule sikumbembeleza.

Niliapa sitaomba. Nilimwambia Fidelis wanifukuze, nitarudi Biharamulo kwa kaka zangu na watoto wangu, lakini magoti yangu hayatagusa udongo kwa kosa la kumpeleka mgonjwa hospitali. Nilikuwa nimeshafunga na nguo.

Unataka kujua kilichobadilika? Fidelis sasa anameza vidonge. Nilimburuta kupima, presha yake iko juu na hakuwa anajua. Siku hizi anarudi nyumbani kila jioni, na kila asubuhi nasimama mbele yake mpaka nione koo limeshuka. Kiko chako nimekitia shimoni, unisamehe au usinisamehe. Polisi bado analala hapa karibu na kigoda na bado nazungumza naye, ila siku hizi namwambia mambo yake mwenyewe.

Na sasa sikiliza hili, ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Siku tano zilizopita Gervas alikuja kunionya tena. Yeye ndiye mkubwa wa ukoo sasa, umemwachia kiti. Alikuwa amesimama hapa uani mbele ya Fidelis na wazee wawili, ananisema mimi niliye mlangoni na uso umeinama, kwamba mwanamke mwenye macho makavu ataangamiza nyumba. Katikati ya neno akanyamaza. Nikainua uso. Akatoa kitambaa, akafuta jicho la kulia. Akaliziba. Akaliachia. Akaziba la kushoto. Nilikuwa namwona mtu mwingine kwenye kigoda na panga mkononi.

Safari hii sikumwambia mbwa. Nikasema mbele yao wote, "Baba Mdogo, pazia limeshuka jicho la kulia. Nenda hospitali leo." Weee, palichimbika! Sasa hata baba mdogo unamtazama machoni? Gervas akasema ni moshi wa jiko langu. Jiko langu lilikuwa halina moto.

Siku mbili baadaye alikuja mchana, peke yake, akijua Fidelis hayupo. Akasimama amenipa mgongo, fimbo ameikamata kwa mikono miwili, akasema taratibu, "Polisi, hebu mwulize huyo wa jikoni. Pazia la kaka lilishuka mara ngapi?"

Mwiko niliuweka chini. Nikatoka, nikamzunguka, nikasimama mbele yake nikamtazama. Anafanana na wewe kwenye paji la uso. "Mara nne lilipanda, Baba Mdogo," nikamwambia. "La tano halikupanda."

Hakufoka. Kesho yake tukaenda Ngara, nami ndiye niliyezungumza na daktari, nikaeleza yote, upande, rangi, muda, yako na yake. Daktari akamsikiliza shingo kwa kile chombo chao, akasema mshipa una mlio mbaya, umekuwa mwembamba. Akampa vidonge vya presha na vya kufanya damu isigande, akaandika barua ya Mwanza, akasema twende wiki hii, kila siku tunayokaa ni kamari. Gervas akaikunja barua. Akaitia mfuko wa koti. Baba, nilipoona ule mkono unaingia kwenye ule mfuko nilitaka kupiga kelele pale pale hospitalini.

Njiani akanieleza, kwa upole kabisa, kwamba hawezi kusafiri kabla jambo la kaburi halijaisha. Yeye ndiye wa kulifunga. Akiondoka kabla na akafia njiani, watu watasema kaka amemchukua kwa hasira. Kwanza radhi, halafu Mwanza. Na radhi ni mwisho wa mwezi. Nikamwambia mwisho wa mwezi unaweza ukawa huna jicho, unaweza ukawa huna mdomo wa kuifunga hiyo radhi yenyewe. Akasema anajua. Akasema anaogopa. Sijawahi kumsikia mwanaume wa ukoo huu akisema neno hilo. Lakini hakutoa barua mfukoni.

Nilifika hapa nyumbani nimejaa hasira. Kisha nikamwambia Fidelis awaite watu. Kesho. Bila pombe, bila kumngoja Yulita. Nitaomba radhi.

Wamefurahi kweli. Tangu jana wanapita hapa wananisifu. Mke wa Fidelis ameshika adabu. Mama mmoja, yule yule aliyefunga kitenge, ameniletea ndizi mbivu. Nimezipokea, nikasema ahsante, nikampa ndama.

Kwa hiyo kesho utanisikia nikisema kwamba nilikukosea kwa kukugusa, nilikukosea kwa kukutazama, nilikukosea kwa kusikia yasiyonihusu. Nitasema kwa sauti, nitainamisha kichwa mpaka kwenye udongo, nitalia pia, machozi ninayo mengi wala sitahitaji kuyatafuta. Gervas atasema marehemu amesikia. Watu watapiga makofi. Wewe ujue tu kwamba mke wa mwanao anamtolea mdogo wako barua mfukoni.

Radhi yangu ya kweli ni nyingine, na hawataisikia. Nisamehe kwa siku niliyokuambia uhamie kivulini. Nisamehe kwa zile siku nne za kukuwekea kikombe upande wa kulia, nikijiona mkwe mwema. Nisamehe kwa heshima yote niliyokupa, Baba. Ningekuwa na adabu mbaya kidogo tu, ungekuwa hai.

Keshokutwa saa kumi na mbili asubuhi basi la Mwanza linaondoka stendi ya Ngara. Fidelis ana mzigo, kwa hiyo Gervas ameniuliza mimi, uso kwa uso, kama nitamsindikiza. Nitakwenda. Yeye atakaa dirishani, mimi pembeni yake, na njia nzima nitakuwa namgeuza kidevu namtazama jicho moja moja mbele ya abiria wote, mpaka nimkabidhi kwa daktari akiwa bado anaona. Hilo nakuahidi. Wakilisikia na hilo wataitisha kikao kingine. Waitishe. Gervas akirudi na macho yake yote mawili, nitapiga magoti tena, mara wanazotaka.

Lala, Baba. Kwaheri.

Mimi, mke wa mwanao,
Skola